Deki Isiyovuja Hata Tone

Nauliza tu, nani aliwaambia watu wa mbao kwamba sita ni tano na nusu? Nikinunua mayai sita napewa sita. Nikinunua soksi napewa mbili, hata kama moja itapotea. Lakini nenda yadi, omba ubao wa moja kwa sita, upigwe randa uwe laini, halafu chukua tepu upime. Nchi tano na nusu. Na ile nchi moja ya unene nayo imekonda. Nikamuuliza kijana wa mashine, nusu nchi yangu iko wapi? Akanionesha maranda chini. "Ile pale bosi. Tukufungie?" Alidhani anatania. Nilifungiwa gunia zima. Nimelipia, siachi kitu mimi.

Hebu sogea kidogo kwenye benchi tupige hesabu. Umepima eneo lako ukijua ubao ni sita. Ubao umekuja tano na nusu. Kila mbao kumi zinakudai nchi tano. Yaani kila ukiweka mbao kumi, unarudi yadi kununua moja ya kuziba deni. Hesabu hiyo nilifundishwa na kijana yule yule, kwa upole, mbele ya foleni ya watu, huku ananiita mzee. Nilipoingia pale alikuwa ananiita bosi.

Kisa cha yote haya ni deki. Usiniulize sana. Ni jukwaa la mbao unalijenga nje ya nyumba, mlango wa sebuleni unafungukia hapo hapo, unaweka viti, unakunywa chai, unatazama bonde la watu. Mimi nakaa Goba. Huku ardhi haijatulia. Nyuma ya nyumba yangu ni mteremko mtupu, ukiweka kiti cha plastiki jioni, asubuhi unakwenda kukiomba kwa jirani wa chini. Watu wenye akili zao wamejenga ukuta, wakashindilia kifusi, wakamwaga jamvi la zege, basi, maisha yanaendelea. Mimi nina shemeji Marekani.

Shemeji anatuma video. Yuko juu ya deki yake, kavaa kaptula, anageuza soseji. Nyuma yake mbao zimepangwa zimenyooka, miti, jua, hakuna hata nzi. Mama watoto anaitazama ile video, haniambii kitu. Mwanamke akikusema, unajibu. Akinyamaza huku anaongeza sauti ya simu, unaamka unakwenda yadi.

Kabla sijaenda nilipita kwa mzee jirani yangu, mtu wa Unguja, nikamweleza. Akavua miwani. "Mbao? Nje? Dar hii? Una mchwa wa kufuga?" Akaanza kunisomesha. Kwamba wazee wa Unguja na Lamu, kwenye nyumba zao za mawe, dari walizibeba kwa boriti za mikoko. Mkoko wenyewe si mrefu, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, mita mbili na kitu, tatu. "Mti ndio uliosema chumba kiwe na upana gani," akaniambia. "Wewe umeambiwa na simu." Na hata hizo boriti, akasema, zilikuwa ndani, juu yake mawe na chokaa, mvua zilikuwa zinaisikia tu. Nikamwambia shikamoo mzee, nikaondoka. Shikamoo nilikuwa nimeshaitoa nilipoingia. Ilinitoka tu.

Yadi kuna matabaka. Mbele kabisa, pale kwenye kivuli, wamelaza mninga na mkongo. Mninga ni mbao yenye adabu. Haivimbi ovyo, haipindi ovyo, ndiyo maana vitanda vya maana vyote vya mninga. Pembeni kuna msaji, wenyewe wanauita tiki, unapandwa hapa hapa nchini, Longuza kule Muheza, Mtibwa, bonde la Kilombero. Huo una mafuta yake mwenyewe ndani, mvua haiuhangaishi. Wenye hoteli za ufukweni wanaupenda. Nikauliza bei. Sikusikia vizuri, nikaomba arudie. Aliporudia ilikuwa imepanda. Nikasema ahsante, nilikuwa naangalia angalia tu.

Akanipeleka nyuma. Nyuma ndiko tunakopelekwa sisi. Huko kuna paina ya Sao Hill, Mufindi, imetiwa dawa ya mchwa mpaka imegeuka kijani. Nikainua ubao mmoja. Mzito! Na unadondosha maji. Nikauliza, mbona unalia? "Dawa hiyo bosi, imeshiba." Nilifurahi kimoyomoyo. Bei ni ya ubao, halafu napewa na maji humo humo. Nikaona hawa leo nimewapiga.

Tukapakia kwenye kirikuu. Mbao za futi kumi na mbili, gari lenyewe fupi, zikachomoza nyuma mtaa mzima. Dereva akasema lazima tufunge kitambaa chekundu, trafiki wasitusumbue. Nikamwambia funga. Akasema kitambaa ni juu ya mteja. Mteja siku hiyo alikuwa amevaa fulana nyekundu. Ndiyo hivyo. Niliingia mtaani kwangu kifua wazi, nimekalia mbao, fulana yangu inapepea nyuma. Watoto wa jirani wakakimbia nyumbani kwangu kutoa taarifa kwamba baba amekamatwa na mgambo.

Sasa fundi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa kila mtu anasema nilikosea, na mimi sioni nilikosea wapi. Kijana wa kioski cha hapa hapa mtaani aliniambia, maseremala hawa wa mtaani wanajua milango na makochi. Mlango haujui mvua. Ukitaka mtu anayejua mbao inayolala juani na kwenye maji, tafuta fundi wa mashua. Sasa hapo kuna kosa gani? Nikaenda pwani, nikampata mzee mmoja, mikono yake mikavu, ana tezo na keekee ya kutobolea, ameunda mashua tangu hajaota ndevu. Nikamwambia nataka sakafu ya mbao nje. Nikamwomba jambo moja tu. Isivuje.

Akaja Goba. Akatazama mteremko muda mrefu. Akaniuliza, "Mwanangu, mkuku utaulaza upande gani?" Mkuku mimi siujui. Lakini mtu mzima akiulizwa mbele ya mkewe lazima aoneshe kitu. Nikaonesha upande wa tangi la maji. Akatikisa kichwa, akaanza kazi.

Nisimseme vibaya. Kazi ile ilikuwa ya kuiangalia. Alisimamisha nguzo, akalaza maboriti, juu yake akapanga miti ya kupigilia mbao, yeye anaiita mataruma. Kisha kila ubao akauranda ubavuni, anauweka kando ya mwenzake, anatazama, anautoa, anauranda tena. Ukikaa sawa anagonga kabari mpaka zinabanana. Akachukua wembe, akajaribu kuupitisha katikati. Ukakataa. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Pembeni kote akainua ubao wa kusimama, ukingo, "kikombe kisianguke, mtoto asianguke." Nikasema huyu mzee anawaza mpaka vikombe vyangu.

Siku ya kukabidhi akaomba ndoo ya maji. Akaimwaga katikati ya deki. Tukainama chini wote, mimi, mama watoto, watoto, mama anayeuza chapati mtaani kwetu, mzee wa Unguja na miwani yake. Tukasubiri. Halikupita tone. Jamani, tulipiga makofi. Nilimwongezea hela ambayo hakuiomba. Akamalizia kwa kupaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopaka vyombo vya baharini. Paka wote wa Goba wakahamia kwangu jioni ile ile.

Nikapiga picha, nikamtumia shemeji. Akajibu: "Safi. Mbona hakuna nafasi?" Nikamjibu, nafasi ipo shemeji, tunaenea wote na wageni.

Likaja jua la Disemba. Januari. Kaskazi inavuma, mabati yanalia, na zile mbao zilizokuwa zimeshiba dawa kumbe zilikuwa zimeshiba maji. Zikakauka. Zikasinyaa. Asubuhi moja nimekaa na chai yangu naona mwanga unatoka chini. Mianya! Kila baina ya ubao na ubao, mwanya. Nikapima kwa kidole, kidole hakiingii, lakini hela ya sarafu inaingia, najua maana iliingia. Nikampigia mzee wa pwani huku nahema. Chombo kimepasuka! Hakushtuka. "Mwanangu, mashua ikikaa mchangani siku nyingi hufanya hivyo. Nakuja."

Akaja na furushi la pamba, mafuta, patasi butu na nyundo ya mti. Akakalafati. Ukisikia kalafati ndiyo hiyo, pamba inalowekwa mafuta, inasokotwa, inagongwa ndani ya mwanya mpaka haingii tena. Ko, ko, ko, kutwa. Mwanya kwa mwanya. Akamwaga ndoo. Halikupita tone. Safari hii makofi nilipiga peke yangu, wengine walikuwa wameshazoea.

Halafu Machi. Masika ya Dar hayabishi hodi. Mbao zikaanza kunywa. Zikanywa, zikavimba. Zikataka kujinyoosha pembeni, pembeni kuna pamba. Zikasukuma ukingo, ukingo umepigiliwa na mtu anayepambana na bahari. Basi zikabaki na njia moja, juu. Usiku nasikia twaa! Mama watoto akanisukuma na kiwiko, nenda kaone, mwizi. Nikatoka na panga. Nikamzunguka mwizi gizani kwa tahadhari zote, namwambia nimekuona, toka. Alikuwa ubao. Umeinua mgongo, umeng'oa misumari yake, umesimama. Nikarudi kulala nikasema amekimbia.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Korogwe. Mnaona inakokwenda hii? Asubuhi mama watoto kaenda sokoni, watoto shule, mimi niko sebuleni najifanya nasoma. Mama mkwe akafungua mlango atoke nje apate hewa. Akapiga hatua. Kimya. Kimya kirefu. Nikachungulia. Kasimama katikati ya deki, dera lake limenasa kwenye msumari uliochomoza, mbele haendi, nyuma harudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama mama."

"Nimenasa."

"Naona mama."

Sasa niambieni nyie mnaojua kila kitu. Mkwe hashikwi dera. Hilo hata halijadiliwi. Kuinama tu pale miguuni kwake siwezi, kulichomoa siwezi, kumwambia ajichomoe mwenyewe ni kumtuma mkwe. Nikabaki mlangoni nimeshika nguzo. Tukazungumzia mahindi ya Korogwe. Mvua ikaanza. Nikakimbia kuleta mwavuli. Kumkaribia kumpa siwezi, nikaufunga kwenye mpini wa ufagio, nikamsogezea kwa mbali. Akaupokea. Akanishukuru. Mvua ikazidi, na ile deki haivuji, na ukingo uko pembeni, maji yakaanza kupanda. Kisigino. Kifundo. Mama mkwe kasimama na mwavuli kwenye bwawa lake, ananiuliza, mwanangu, hiki mmejenga cha nini? Nikamwambia cha kupumzikia mama. Mpaka nilipopiga kelele kumwita mama wa chapati, akaja na mikono ya unga, akavuka maji, akalichomoa dera kwa mkono mmoja. Lilichanika. Hajarudi tena mama mkwe. Anasalimia kwa simu.

Maji yakabaki. Yaende wapi? Watoto waliporudi shule walivua viatu wakaingia. Jirani akaleta bata, eti waoshe miguu. Kiangazi kizima nilikuwa natafuta wageni wa kukaa kwenye deki hawapatikani, sasa mtaa mzima uko kwangu. Mgeni wa mwisho alikuwa bwana afya. Alivaa buti. Alichota maji kwa kikombe changu cheupe, akakiinua juani, akanionesha viluwiluwi vinavyocheza. Akauliza bwawa hili ni la nani. Nikamwambia siyo bwawa, ni deki. Akaandika. Sijui aliandika nini lakini aliandika muda mrefu, na alicheka katikati.

Ndipo nikampigia shemeji. Sikumpigia kuomba ushauri, muelewe hivyo. Nilimpigia kumlaumu. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena akacheka mara ya pili. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasamehe. "Shemeji, deki kazi yake ni kuvuja."

Kuvuja! Akanifafanulia kwamba mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, haiachi mpaka inakufa. Na haivimbi kwa urefu. Ubao hauongezeki kimo, unaongezeka upana, kama sisi wanaume baada ya harusi. Kwa hiyo baina ya ubao na ubao unaziachia mwanya wa kuvimbia, na mwanya huo huo ndio maji ya mvua yanapita kwenda zake, na upepo unapita kuzikausha mbao kwa chini. Mbao ikiwa kavu unaacha milimita tano hivi. Ikiwa mbichi inadondosha maji unazisogeza karibu, jua litaacha mwanya lenyewe. "Si ndiyo uliacha jua likakufanyia kazi?" Ndiyo. "Halafu?" Halafu nikalipa mtu azibe.

Lakini jamani, mimi ningejuaje? Maisha yangu yote nimelipa mafundi waondoe kuvuja. Paa linavuja, nalipa. Bomba linavuja, nalipa. Tangi, choo, sufuria, mpaka viatu. Hakuna siku mtu aliniketisha akaniambia, sikiliza, kuna kitu kimoja duniani utalipa ili kivuje. Nimemtafuta bingwa wa kutovuja pwani nzima, nikampa kazi, akaifanya kwa uaminifu, na sasa eti nimekosea. Yule mzee ile deki ukimgeuzia juu chini unafika nayo Mafia.

Akaja kijana wa kuirekebisha. Huyu amefanya kazi za deki kwenye hoteli za ufukweni, ana drili ya betri na hereni sikioni. Ananiita mzee baba. Akatembea juu yake mara moja, akatikisa kichwa, akauliza nani alikujengea merikebu. Kisha akang'oa. Pamba ikatoka magunia. Mbao alipozigeuza tukakuta pale zilipokatwa msumeno, kwenye ncha, mchwa wameshaingia ndani. Nikasema si zina dawa? Akaniambia dawa inakaa nje nje, ukikata ubao unafungua mlango, kila ncha uliyokata unaipaka dawa upya kwa brashi. Mchwa wanalijua hilo. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne sijui.

Zile ncha mbovu nikazikusanya. Sitaki hasara. Nusu nikaweka kwa ajili ya nyama choma, nusu nikampelekea mama wa chapati, shukrani ya lile dera. Narudi natamba, kijana ananiuliza vile vipande viko wapi. Nikamwambia. Akadondosha drili. "Mzee baba, ile dawa ya kijani ina shaba, kromu na aseniki. Mbao hiyo haichomwi. Moshi wake ni sumu, majivu yake ni sumu." Nyie, nilitoka mbio na kandambili moja. Nafika, mama wa chapati ameshapanga kuni, kiberiti mkononi, wateja wamekaa wanasubiri. Nikazivuta zile kuni jikoni bila salamu. Nikajaribu kueleza, pumzi hakuna, linatoka neno moja tu, sumu, sumu. Wateja wakasikia sumu wakatazama chapati. Wakasimama. Siku hiyo nilinunua chapati zote mimi. Tulizila mpaka zikaisha ladha.

Kijana akaanza kupanga upya. Hakutumia misumari. Anasema dawa ya mbao ina shaba, shaba ikipata unyevu inaitafuna misumari ya kawaida, inakuwa kutu, kutu inaachia, ubao unainuka, dera linanasa. Anatumia skrubu za stenlesi. Bei yake sitaisema hapa, mama watoto anasoma safu hii. Kila karibu na ncha anatoboa kwanza kwa drili ndipo anafunga. Nikamuuliza mbona unanitobolea mbao? Akasema skrubu ikiingia kwa nguvu karibu na ncha, ubao unapasuka. Nikamwambia najua, nilikuwa nakupima.

Na kipimo chake cha mwanya, mnakijua? Msumari. Ule ule wa nchi nne niliokuwa naulaumu. Anausimamisha baina ya ubao na ubao, anasukuma mpaka zinagusa msumari, anafunga skrubu, anauchomoa, anahamia mbele. Hata kwenye ukuta wa nyumba aliacha mwanya, ubao usigusane na ukuta. Ule ukingo wa vikombe akautupa. Alipomaliza ukabaki ubao mmoja. Nikamwambia umesahau ubao. Akasema hapana, hiyo ndiyo mianya. Ukiikusanya yote imekula ubao mzima. Fikirini na mimi hapo. Nimenunua ubao, nimeusafirisha kwa fulana yangu, nimeurandisha, nimeupaka mafuta ya papa, halafu nikamlipa mtu autoe, aweke hewa.

Tangu hapo mvua inanyesha, inapita, dakika chache deki kavu. Kila kitu kinapita. Sarafu zinapita. Kijiko kinapita. Funguo, vocha, penseli za watoto, kete za drafti, yote yanapita yanakwenda chini. Na chini hapaingiliki ukisimama. Upande wa mteremko unaingia kwa magoti, ukifika upande wa nyumba unalala kifudifudi unajivuta. Nani anajivuta? Si shemeji.

Juzi hereni ya dhahabu ya mama watoto ikapita. Aliyopewa na mama yake, yule yule wa dera. Nikaingia. Tochi mdomoni, tumbo kwenye udongo, kuku wa jirani wamenitazama, kumbe wanataga humo siku nyingi na hakuna aliyeniambia. Nimefika katikati kabisa nasikia nyayo juu. Mama watoto, na ndoo. Kasahau niko chini, au hakusahau, hilo tuliache. Akamwaga maji ya sabuni apige deki. Kwa hiyo mkiniuliza leo kama ile mianya inafanya kazi, nawathibitishia mimi mwenyewe, inafanya kazi kote, kuanzia kichwani mpaka miguuni, halikubaki tone juu. Nikapiga kelele, "Mama watoto! Kuna mtu huku!"

"Ukiiona hereni," akajibu, "angalia na rimoti."